Mtoto Akililia Wembe: Michezo ya Nyumbani na Chupa Ndogo ya Mafuta

Hotuba hii niliitoa mbele ya wazazi na walezi wa watoto ambao bado hawajaanza shule. Wengi waliokosa kufika wameomba kuisoma, kwa hiyo naiweka hapa nzima, karibu kama nilivyoisema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazazi wenzangu, walezi, mabibi na mabwana, mliokuja na watoto na mliowaacha nyumbani usingizini: asanteni kwa kufika.

Nianze kwa kuwaomba mikono. Nani hapa anaishi na mtoto wa chini ya miaka 6? Inueni. Naam, karibu wote. Msiishushe kwanza. Kati yenu, nani ana chupa ndogo ya mafuta ya kunukia nyumbani? Mkaratusi, lavenda, mnanaa, karafuu, mchaichai, yoyote ile. Asiye nayo ashushe mkono. Tazamaneni. Iliyoshuka ni michache mno. Sasa swali la tatu, na hili jibuni moyoni: chupa hiyo iko wapi saa hii?

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, na ni mama. Nitakayosema leo yametoka katika kazi hizo mbili. Mtoto mdogo hujifunza kwa kushika, kunusa, kuonja na kuiga. Hana mlango mmoja wa kupitishia elimu na mwingine wa kupitishia madhara. Mlango ni ule ule. Mimi nataka tuufungue wazi kabisa, na ndiyo maana nataka tuangalie vizuri kilichowekwa karibu nao.

Tuanze na furaha.

Mwanangu wa kwanza, alipokuwa na miaka 3, alihesabu hadi 20 bila kukosea. Wageni walimpigia makofi, na mimi nilijivuna. Jioni moja nikamwambia, "Baba, tuletee vijiko, kila mtu kimoja." Tulikuwa watu wanne. Akaenda, akarudi amekumbatia vijiko kifuani. Nikamuuliza viko vingapi. Akaanza: moja, mbili, tatu, nne, huku kidole kinaruka kijiko hiki na kurudia kile. Akafika 20, akasimama, akanitazama akingoja makofi yake. Vijiko vilikuwa tisa.

Je, mtoto yule alijua kuhesabu?

Alijua wimbo wa namba. Wimbo ni jambo jema, na bila wimbo hafiki popote. Lakini kuhesabu kunataka zaidi. Majina ya namba yafuatane kwa mpangilio usiobadilika. Kila kitu kipate jina moja, kisirukwe, kisirudiwe. Kisha jina la mwisho libebe idadi ya vyote, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Muombe mtoto wa miaka 3 ahesabu vijiko vinne, akimaliza muulize, "Kwa hiyo viko vingapi?" Wengi wataanza kuhesabu upya. Hawajaona bado kwamba ile "nne" ya mwisho imewabeba na wenzake watatu.

Tulifanya nini? Hatukuandaa somo. Kila jioni alipanga vijiko. Hiki cha mama, hiki cha baba, hiki cha bibi, hiki changu. Wiki zikapita. Mara vinapungua, mara vinazidi, na mezani kosa hujionyesha lenyewe, maana kuna mtu amekaa bila kijiko. Sikuhitaji kumwambia umekosea. Jioni moja shangazi yake akaingia bila taarifa. Mtoto akamwangalia shangazi, akaangalia meza, akaenda jikoni, akarudi na kijiko kimoja. Kimoja! Hakuanza upya. Alijua kwamba nne na mmoja aliyeingia mlangoni ni tano. Nilishika beseni la maji nikashindwa kulitua, ndugu zangu. Hakuna karatasi ya mazoezi ambayo ingenionyesha kile nilichokiona jioni ile.

Haya hayakugunduliwa juzi. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha mahali pa kulelea watoto pale Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwapa watoto mipira ya sufi ya rangi mbalimbali, tufe, mche wa mraba na mcheduara wa mbao, wavibingirishe, wavijenge na kuvibomoa. Miaka mitatu baadaye alipaita mahali pake bustani ya watoto, na jina hilo limeenea dunia nzima. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo mjini Roma mwezi Januari 1907, na watoto walifundishwa kufagia, kumimina maji na kufunga vifungo kabla ya kushika kalamu. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, umeandika mchezo kuwa haki. Umeandikwa mle pamoja na haki ya elimu na haki ya afya. Basi mtu asikwambie kwamba mtoto wako "anacheza tu".

Lakini kuna namna ya kuharibu mchezo, na wengi wetu tunaifanya kwa nia njema. Tunamgeuza mtoto mtahiniwa. Hii rangi gani? Hii namba gani? Ng'ombe analiaje? Mtoto anajenga mnara, sisi tunamhoji kama yuko mahakamani. Jaribuni hivi: kaa chini karibu naye, tazama, kisha sema jambo moja ulilolishangaa kweli. "Mnara huu umeegemea upande mmoja, sijui utasimama." Halafu nyamaza. Nyamaza kweli. Hesabu moyoni hadi kumi. Mtoto wa miaka 4 anahitaji muda wa kutafuta maneno, na sisi humkatiza akiwa katikati ya kuyatafuta.

Na mwili je? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujongea kila siku, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja. Dakika 180 ni saa tatu. Mtoto anayepanda na kushuka, anayebeba ndoo, anayekimbiza mpira, anazifikisha bila mtu kushika saa.

Nije kwenye mikono. Darasani kwangu alikuwapo mtoto ambaye kila akipewa penseli aliitupa chini. Nyumbani walimwita mvivu. Nikamwekea penseli kando miezi miwili, nikampa donge la unga wa kufinyanga. Unga vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, na maji ya uvuguvugu yanayoongezwa kidogo kidogo mpaka donge liache kunata. Alifinya, akasokota nyoka, akakata nyoka kwa kisu butu, akapachika macho. Siku za kwanza alichoka baada ya dakika tano. Mwishoni ilibidi nimwombe aache, wenzake waende nyumbani. Siku aliyoichukua penseli mwenyewe, alichora nyoka.

Wazazi wenzangu, mnajua kwa nini alikuwa anaitupa? Mkono wake ulikuwa unachoka. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Kwa mtoto wa miaka 3, mingi kati ya hiyo bado ni gegedu laini, haijawa mfupa. Misuli midogo ya vidole nayo ndiyo kwanza inapata nguvu. Tunamlazimisha aandike kwa chombo ambacho mwili wake haujamaliza kukitengeneza, kisha tunamwita mvivu. Jambo hili huniumiza kila ninapolisikia.

Lakini angalieni, hata donge lile lina tahadhari yake. Lina chumvi nyingi. Mtoto akilamba hapati shida, maana hulitema mwenyewe kwa ukali wake. Akimeza donge zima, chumvi hiyo ni hatari kwake, na kwa mbwa wa nyumbani pia. Na kwa wenye watoto wa chini ya miaka 3: kitu chochote kinachoweza kupita katika lile bomba la katikati la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto. Mbegu, shanga, vifuniko vidogo, vyote subirini kwanza. Mnaona? Mlango ni ule ule.

Sasa niwaambie mchezo ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ndio uliotufikisha kwenye jambo la pili la leo. Ni mchezo wa pua.

Chukueni vikopo sita vyenye vifuniko vilivyotobolewa. Viwili vitieni maganda ya chungwa, viwili mdalasini, viwili kipande cha sabuni. Vifungeni vizuri ili visifunguke. Mtoto afumbe macho, anuse, atafute pacha wa kila kopo. Montessori naye aliingiza mazoezi ya kunusa katika malezi yake, na nadhani alikuwa amegundua jambo. Harufu ina njia ya pekee kichwani. Habari za macho na masikio hupita kwanza katika kituo fulani cha ubongo ndipo zisambazwe. Za pua hufika moja kwa moja katika sehemu za kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana harufu ya nguo ya mtu aliyekwenda zake inaweza kukuliza kabla hujajua unalia nini. Na lugha inayozaliwa hapo! Mtoto mmoja alinusa kopo la sabuni akaniambia, "Hii inanuka kama Jumapili." Miaka minne alikuwa nayo.

Hapo ndipo mtu husema: harufu ya maganda hupotea upesi, kwa nini nisidondoshe mafuta ya kunukia? Matone machache kwenye donge la unga, matone machache kwenye kopo, chumba kizima kinanukia. Nami nilisema hivyo. Nilidondosha. Na nilikuwa nikimpaka binti yangu mafuta ya mkaratusi kifuani kila alipopata mafua, tena bila kuyachanganya na kitu, kwa sababu niliambiwa ni ya asili.

Naomba niwasimulie kilichotokea, na naomba utulivu kidogo, maana sijazoea kukisimulia.

Binti yangu alikuwa na miaka miwili na nusu. Alikuwa anacheza daktari. Mchezo wa kuigiza namna ile ndio kilele cha michezo yote ya umri huo; mimi ndiye niliyempa kitambaa cha kufunga mwanasesere, mimi ndiye niliyemwambia, "Daktari, mgonjwa wako anaendeleaje?" Nikaenda kuanua nguo. Chupa ilikuwa kwenye droo ya kando ya kitanda, chupa ya mililita 10, kofia yake sikuikaza. Daktari akaipata dawa. Akampaka mwanasesere kifuani, jinsi alivyoniona nikifanya. Akampa anywe. Kisha, kwa kuwa daktari mwema huonja dawa kabla ya mgonjwa, na hilo pia alijifunza kwangu, akanywa yeye.

Nilisikia kikohozi. Nikaikuta harufu kabla sijamkuta yeye. Nilitaka kumtia kidole kooni atapike, na jirani yangu alinishika mkono, Mungu amlipe. Tulipofika hospitali alikuwa analegea kama mtoto aliyekesha, anatembea akipepesuka. Waliniuliza mambo matatu: mafuta gani, kiasi gani, saa ngapi. Sikuwa nimechukua chupa. Sikujua imebaki kiasi gani. Wakamweka chini ya uangalizi hadi usiku, maana mafuta ya mkaratusi yanaweza kumletea mtoto degedege, na dalili huweza kuanza ndani ya nusu saa au kuchelewa kwa saa kadhaa. Mililita chache zinatosha kumdhuru mtoto wa umri ule. Mililita chache, ndugu zangu, hazijai kijiko cha chai.

Alipona. Leo ni msichana mkubwa. Lakini nataka mlione hili: hakuwa mtukutu. Hakuvunja sheria yoyote. Alifanya sawasawa kile nilichomfundisha. Aliangalia, akakumbuka, akaiga kwa usahihi. Alikuwa mwanafunzi bora siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Nimewahi kuutumia msemo huo mwenyewe. Wembe utamkata kidole, atalia, kesho hataugusa. Jeraha ni mwalimu. Na kwa mambo mengi nakubaliana nao. Aanguke kwenye kiti kifupi, alowe maji, apasue chombo cha udongo. Lakini kuna wembe usiokata kidole. Chupa hii haitoi onyo dogo kwanza ili mtoto ajifunze. Inanukia vizuri, ina rangi ya kuvutia, inatoshea kiganja chake, na kwa mtoto kinachonukia kama peremende ni peremende.

Hebu tuyajue haya mafuta ni nini. Watu wengi huyaita "mafuta muhimu", na jina hili limetupotosha. Limetafsiriwa kutoka neno lenye maana ya kiini, kwamba ni kiini cha harufu ya mmea. Halikumaanisha kwamba mwili unayahitaji. Tukisikia "muhimu" tunadhani ni kama maji au chakula. Mimi nayaita mafuta ya kunukia, imetosha.

Na ni kiini kweli kweli. Ili kupata kilo moja ya mafuta ya waridi, zinahitajika tani 3 hadi 5 za petali. Lavenda ina mafuta mengi zaidi, hata hivyo kilo moja yake hutoka katika kilo mia na zaidi za maua. Kwa hiyo mtu anaposema, "Lakini sisi tunakunywa mnanaa kwenye chai," anasema kweli, na hasemi jambo linalohusu chupa. Jani moja kwenye kikombe na tone lililobeba majani mengi si kitu kimoja.

Niwatajie machache kwa majina, myabebe nyumbani. Mkaratusi nimeshausema. Kafuri huleta degedege, na gramu moja imewahi kuua mtoto mdogo. Mafuta ya karafuu yakimezwa yanaweza kuharibu ini. Mafuta ya mti wa chai, ambayo si ya chai tunayokunywa, yakimezwa humlegeza mtoto na kumpotezea mwendo. Mnanaa na mentoli yake, ukipakwa karibu na pua ya mtoto mchanga, unaweza kufunga koo lake au kusimamisha pumzi, wakati mama anadhani anamfungua kifua. Halafu yako mafuta ya wintagrini, yanayotiwa katika dawa nyingi za kuchua misuli. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kina nguvu ya gramu 7 hivi za aspirini. Hivyo ni vidonge zaidi ya 20 vya miligramu 325. Katika kijiko kimoja! Nani kati yetu angeacha vidonge 20 vya aspirini kwenye droo ya kando ya kitanda?

Mama mmoja kabla hatujaanza aliniuliza habari za lavenda na matiti ya wavulana. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Marekani lilichapisha habari za wavulana watatu walioota matiti kabla ya kubalehe, wote wakiwa wametumia bidhaa zenye lavenda, au lavenda pamoja na mti wa chai. Walipoacha, hali ikaondoka. Watafiti wengine wamelipinga hitimisho hilo na ubishi unaendelea. Mimi simpaki mtoto kila siku kitu ambacho wataalamu bado wanabishania, hasa kama sina sababu ya kumpaka. Lakini siwatishi juu ya sabuni mliyotumia mara mbili.

Je, nasema mzitupe chupa zote? Hapana. Nyumbani kwangu bado nina mbili. Nasema tuzitumie kama watu wanaojua zilivyo.

Mtoto wa chini ya miaka 2, msimpake kabisa, na msimfukizie chumbani anamolala. Huo ni msimamo wangu na sitaulegeza. Mkubwa kidogo, wa miaka 2 hadi 6, kama kuna sababu na daktari wake hana pingamizi, basi yachanganywe na mafuta ya kawaida, ya nazi au ya mzeituni: matone 3 katika mililita 30, yaani vijiko vikubwa viwili. Hiyo ni nusu ya asilimia moja, maana tone 20 hivi hujaza mililita moja. Jaribuni kwanza kidogo kwenye mkono, msubiri siku nzima. Usoni hapana. Puani hapana. Mdomoni kamwe, hata mkisoma mahali kwamba tone moja kwenye asali linafaa.

Msidondoshe kwenye maji ya kuogea. Mafuta hayayeyuki katika maji. Yataelea juu na kumgusa mtoto yakiwa na ukali wake wote, na mtoto akiwa majini hujipangusa macho. Mafuta yaliyokamuliwa katika maganda ya ndimu, limau au bergamoti yakipakwa kisha mtoto akatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kubaki na mabaka. Chupa ya zamani iliyoingia hewa itupwe, kwa sababu mafuta yanayochakaa huwasha ngozi zaidi. Na msidanganywe na maneno kwenye lebo yanayosema ni ya "daraja la tiba". Hakuna mamlaka huru inayotoa daraja hilo. Muuzaji hujiandikia mwenyewe.

Kuhusu vifaa vya kufukizia harufu: mwenye pumu ndani ya nyumba, mkubwa au mdogo, kifaa kikae mbali naye. Wengine, dirisha liwe wazi na muda uwe mfupi, robo saa hivi, kisha kizimwe. Mtoto mdogo hawezi kukwambia kwamba harufu inamkera kichwa. Atalia tu, nawe utadhani ana usingizi. Paka naye ini lake halina uwezo wa kutosha wa kusafisha baadhi ya kemikali hizi, kwa hiyo mwenye paka amfikirie.

Na chupa ikae wapi? Kwenye kabati lenye kufuli, pamoja na dawa. Juu ya kabati haitoshi. Mtoto wa miaka 3 anajua kusogeza kiti. Mimi ndiye niliyemfundisha kusukuma vitu vizito, na nimemsifu. Mkoba wa mgeni nao msiusahau. Bibi anapokuja na dawa yake ya kuchua magoti ndani ya mkoba, mpokeeni mkoba kwa heshima, muutundike mtoto asikofika.

Ikitokea, Mungu apishe mbali, amemeza: msimtapishe. Nasema tena, msimtapishe. Mafuta haya ni mepesi, yakipanda yanaweza kuingia katika mapafu, na huko hufanya madhara makubwa kuliko tumboni. Ondoeni yaliyobaki mdomoni kwa kitambaa. Pigeni simu ya dharura au ya huduma ya ushauri wa sumu kama ipo mlipo, au nendeni hospitali moja kwa moja, hata kama anaonekana mzima. Chukueni chupa. Mimi sikuchukua, nanyi mmesikia. Yakiingia jichoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkamwone daktari. Yakimwagika kwenye ngozi, vueni nguo, mwosheni kwa maji na sabuni.

Sasa turudi kwenye vikopo vyetu. Baada ya siku ile, kwa miezi kadhaa niliviweka mbali. Niliogopa kila kitu. Niliondoa unga, nikaondoa maganda, nikamwondolea hata kitambaa cha daktari. Nyumba ikawa salama na kimya, na binti yangu akawa ananifuata nyuma akiuliza, "Tucheze nini?" Ni yeye aliyenirudisha. Alileta ganda la chungwa alilookota jikoni, akaliweka puani pangu, akasema, "Fumba macho, mama."

Basi sikutumia mafuta tena katika michezo. Donge la unga mnaweza kulitia mdalasini wa unga au maganda ya limau yaliyokunwa. Maganda yakipoteza harufu, yabadilisheni, na mtoto mwenyewe atawaambia, "Kopo hili limelala." Hilo nalo ni somo: harufu huondoka, chungwa jipya huirudisha.

Meza ile karibu na dirisha ina vikopo sita. Niliviandaa asubuhi, na cha ndani kimetoka jikoni, hakuna kilichotoka kwenye chupa. Waliokuja na watoto waanze. Wakubwa mfumbe macho kweli, msichungulie. Baba wa shati la bluu, ulikuwa na swali tangu mwanzo, njoo uniulize hapo hapo mezani, tuzungumze huku tukinusa.